Uzoefu wangu: kingpini, bushi za panhadi na dampa ya usukani kwenye Land Cruiser 79 inayovuta tela

Ninazungumzia Land Cruiser 79 ya injini ya 1HZ, ile yenye ekseli nzima mbele na spring za koili, inayovuta tela la tani mbili. Ugonjwa wake madereva wa gari hizi wanaujua. Uko kwenye mwendo wa 60 hadi 80, tairi moja inakanyaga kishimo au ukingo wa tuta, na usukani unaanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu. Mbele yote inatetemeka na haitulii mpaka ushuke hadi 40 au 30. Nimebadilisha beringi za kingpini (kiungo ambacho tairi ya mbele hugeukia), bushi za fimbo ya panhadi (fimbo inayozuia ekseli isiende pembeni), tairodi endi (viungo vya ncha za fimbo inayounganisha tairi za mbele) na dampa ya usukani (shokomzoba ndogo inayotuliza usukani), na ninajua kila kimoja kimesaidia kiasi gani. Pesa ya kwanza iende kwenye kingpini, ya pili kwenye panhadi. Dampa iwe ya mwisho, ingawa muuza spea atakupa hiyo kwanza kwa kuwa fundi anaifunga kwa dakika chache.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha una ugonjwa huu na si mwingine. Tairi isiyo na balansi hutoa mtetemo mdogo wa haraka, mara nyingi kati ya 80 na 100, hata kwenye lami safi, na ukivuka mwendo huo hupungua. Huu mwingine lazima uchokozwe. Bila tuta au shimo, gari linaweza kwenda vizuri safari nzima, ndiyo maana wengi wanaishia kulipia balansi mara kwa mara bila kupona.

Sababu yenyewe ni hii. Tairi zote mbili za mbele zimefungwa pamoja kwa tairodi moja, kwa hiyo kishindo cha kulia kinafika kushoto papo hapo. Kikikuta ulegevu mahali popote, kinarudi kikiwa kimeongezeka, na kila mzunguko wa tairi unakisukuma tena. Kinachokizima katika gari lisilo na ubovu ni msuguano wa beringi za kingpini, zile zilizo juu na chini ya kichwa kinachogeuka pamoja na tairi. Zikiwa zimekazwa kwa kipimo, kichwa hakigeuki ovyo. Zikilegea, kinapeperuka.

Tela linazidisha. Umbali kati ya ekseli mbili za gari hili ni milimita 3,180. Ikiwa ndoano ya kuvutia iko kama mita 1.3 nyuma ya ekseli ya nyuma, kilo 200 zikikaa juu ya ndoano zinaondoa takriban kilo 80 kwenye ekseli ya mbele. Wakati huohuo nyuma inakaa, pua inainuka na pembe ya kasta, yaani mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao tairi hugeukia, inaongezeka. Kasta kubwa inarudisha usukani katikati vizuri, lakini pia inaipa tairi tabia ya kupiga. Ndiyo maana gari likiwa tupu linaonekana zima, halafu siku ya kufunga tela ugonjwa unajitokeza.

Upimaji unahitaji watu wawili, jeki na subira. Gari likiwa chini kwa tairi zake na injini inanguruma, mmoja azungushe usukani robo kushoto, robo kulia, bila kusimama. Mwingine alale chini aangalie na kushika kwa mkono kila kiungo: ncha mbili za panhadi, tairodi endi zote, fimbo inayotoka kwenye stelingi boksi, na boliti za stelingi boksi yenyewe pale inaposhikana na chasisi. Futa tope kwanza, maana ufa wa chasisi unajificha chini yake. Kiungo kinachoonyesha pengo, au kinachotoa mlio wa "tok" kabla tairi haijageuka, ni cha kubadilisha.

Kisha inua upande mmoja kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli, shika tairi juu na chini na uitingishe. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utingishe tena. Uchezaji ukiisha, ulegevu uko kwenye beringi za habu. Ukibaki, ni kingpini. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na sijakutana na kingine kinachokupa jibu la wazi hivyo. Ila kina kikomo chake: kingpini inaweza kuwa imepoteza mkazo bila kuonyesha mchezo mkononi. Hapo inabidi kufungua na kupima kwa mizani.

Beringi hizi zina maisha magumu. Hazizungushwi duara zima, zinageuka kidogo tu, na muda mwingi zinakaa palepale gari likienda moja kwa moja huku zikipigwa na barabara. Roli zake zinachimba vijishimo kwenye kikombe, na vijishimo hivyo viko katikati hasa, mahali unapotaka mkazo. Ukiitoa beringi mbovu ukaigeuza kwa vidole, inakwama kidogo katikati halafu inaachia. Hiyo haifai kurudishwa, hata kama fundi atasema bado ina ngozi nzuri.

Nilinunua kiti kamili, yaani seti ya spea: beringi nne, vikombe vyake, sili za ndani za shafti, sili za nyuma za kufutia vumbi, gasketi na shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi). Chukua kiti chenye beringi za Koyo kutoka kwa muuzaji atakayekuruhusu kufungua boksi. Maandishi ya kweli yamechongwa kwenye chuma, hayafutiki kwa kidole. Kiti cha bei ya chini sana mara nyingi kinakuponza kwenye sili. Beringi inaweza kudumu, lakini sili ya ndani ikivujisha, mafuta ya difu yanaingia kwenye tufe la ekseli (ile mpira ya chuma mwishoni mwa ekseli inayobeba beringi hizi) na grisi inakuwa uji mwembamba, na hapo hata beringi bora haina kinga. Ukifungua ukakuta uji huo, angalia pia bomba la kupumulia la ekseli. Likiziba kwa tope, ekseli ya moto ikipoa ghafla kwenye maji huvuta maji ndani, na ikipata joto tena husukuma mafuta kupita kwenye sili.

Wakati wa kufungua, vifuniko vya kingpini vinashikwa na washa za koni. Legeza nati, kisha gonga pembeni kwa nyundo ya shaba mpaka koni ziruke. Usizichokonoe kwa bisibisi. Shimu za kila kifuniko zifunge kwa waya na uandike kulia au kushoto, juu au chini. Shimu zina kazi mbili: kuweka kichwa katikati ya tufe, na kutoa mkazo. Za chini zirudi zilivyokuwa, urekebishe kwa za juu. Ukitoa shimu unakaza, ukiongeza unalegeza.

Mkazo wenyewe haupimwi kwa hisia. Kabla ya kufunga shafti na sili ya nyuma, paka beringi grisi, kaza nati za kifuniko kwa takriban Nm 96 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), geuza kichwa mara kadhaa ili beringi zikae, kisha tia mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki, kwenye tundu la tairodi na uvute kwa pembe mraba. Kichwa kianze kugeuka kati ya kilo 3 na 6. Kwa gari la kuvuta tela mimi naweka karibu na 6. Gereji nyingi zinafunga beringi mpya kwa shimu za zamani bila kupima, mizani inasoma chini ya kilo 2, halafu mteja anaambiwa anunue dampa. Hilo linaniudhi sana, kwa sababu mtu amelipa kazi yote na hakupewa kile kilichokuwa dawa.

Tufe lijazwe grisi ya molibdeni kama robo tatu ya nafasi yake, si pomoni.

Habu inafungwa kwa soketi ya 54. Ukimwona fundi amechukua patasi na nyundo kwa ajili ya nati ile, msimamishe. Kaza nati ya ndani hadi Nm 60 huku ukizungusha habu kwenda na kurudi, ilegeze, kisha kaza taratibu mpaka mizani iliyofungwa kwenye stadi ya tairi isome kati ya kilo 2.8 na 5.6 habu inapoanza kuzunguka. Nati ya nje ikishafika Nm 64, pima tena kabla ya kukunja washa ya kufungia, kwa sababu ile nati ya nje hubadilisha mkazo wa ndani.

Panhadi ndiyo inayozuia ekseli isiende kushoto na kulia chini ya gari. Bushi zake zikiisha, mwili wa gari unakwenda upande mmoja, ekseli mwingine, na usukani unageuka wenyewe. Hapa nimetumia raba za kiwandani na pia poliyurethani (plastiki ngumu kuliko raba), na kwa gari la kazi poliyurethani imenifaa zaidi. Kwenye mikono mirefu ya ekseli nisingeiweka. Pale ekseli inatakiwa kujipinda, poliyurethani inaibana, inalia na inapasuka. Ukiweka raba kwenye panhadi, boliti zikazwe za mwisho gari likiwa limekaa chini kwa tairi zake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, raba inabaki imepinda muda wote na inachanika mapema.

Tairodi endi zilibadilisha kidogo tu. Zilikuwa na ulegevu na zilistahili kutoka, lakini peke yake hazikutuliza kitu. Baada ya kazi hii wilialaimenti ni lazima: naweka tairi zikaribiane mbele kwa milimita 2 hivi.

Sasa dampa. Itoe, isukume na uivute kwa mkono. Iwe nzito sawasawa kwenda na kurudi, bila sehemu inayopita bure. Ikivuja mafuta au ikiwa na pengo, ibadilishe, na ya kawaida ya mafuta inatosha. Za gesi zina nguvu zaidi, lakini gesi inasukuma shafti itoke, na baadhi huvuta usukani upande mmoja. Dampa mpya kwenye kingpini zilizolegea hunyamazisha gari kwa muda, kisha nayo inachoka na ugonjwa unarudi ukiwa mkubwa, maana viungo vingine vimeendelea kulika kimyakimya. Ekseli iliyo sawa inatakiwa iende bila kupiga hata dampa ikiwa imetolewa. Jaribu hilo bila tela, kwenye barabara isiyo na watu, ukipandisha mwendo kidogo kidogo.

Upande wa tela, uzito kwenye ndoano uwe karibu asilimia 10 ya tela lililopakiwa. Kwa tani mbili ni kilo 200, na mizani ya kupimia magunia inatosha: weka gogo juu yake, shusha shingo ya tela juu ya gogo kwa urefu uleule wa ndoano. Ukipunguza sana ili kuokoa pua ya gari, tela lenyewe litaanza kuyumba, na hilo ni baya zaidi.

Ikikupata njiani na tela, shika usukani imara bila kupigana nao, toa mguu kwenye mafuta, acha mwendo ushuke. Usikanyage breki ghafla, kwa sababu tela litakusukuma. Ukisimama, gusa habu zote mbili kwa nyuma ya kiganja, kagua nati za tairi, kisha nati za vifuniko vya kingpini. Stadi zile zikilegea hukatika moja baada ya nyingine, kwa hiyo baada ya kilomita 500 za kwanza zikaze tena kwa spana ya kupimia, na uendelee kuziangalia kila unapomwaga oili.