TAHADHARI: Ile picha yangu na boksi la Mark II isiwadanganye, nimetapeliwa

Wakuu, heshima yenu.

Ile picha iliyoko kwenye ukurasa wa yule muuza modeli za magari za kuunga, jamaa kasimama mbele ya Toyota Mark II, kakumbatia boksi, meno yote nje, chini imeandikwa "Mteja wetu wa Kigoma kapokea mzigo salama, asante kwa kutuamini", ni mimi kweli. Haijachezewa. Kijana wangu alinipiga picha pale stendi ya Masanga nilipotoka kuchukua mzigo ofisi ya basi, nikamtumia muuzaji kwa furaha zangu. Boksi lilikuwa halijafunguliwa. Sasa watu wananifuata inboksi kuniuliza "kaka, yule jamaa ni wa uhakika?" na mmoja wa Gungu ameshatuma nusu ya pesa kwa sababu ameniona mimi. Mtu kanitapeli, halafu kanifanya bango lake la biashara!

Jina la ukurasa silitaji hapa, admini wa kundi mnamjua alivyo mkali. Ukiiona hiyo picha umeshampata. Na ameshabadilisha jina tangu nianze kumpigia kelele, kwa hiyo jina lenyewe halisaidii kitu.

Nilichokuwa natafuta ni modeli ya plastiki ya gari yangu mwenyewe. Siongelei vile vigari vya chuma vya watoto, naongelea ile unayoletewa vipande kwenye fremu, unakata, unapiga msasa, unagundisha, unapuliza rangi. Gari yenyewe ni Mark II, na siwezi kuiuza hata ikilala juu ya mawe. Toleo la GX100, Grande, injini 1G. Ukitafuta Mark II ya umbo lile kwenye plastiki utaangukia kwa ndugu yake, JZX100 Tourer V, ile ya injini ya 1JZ yenye turbo, imetengenezwa na kiwanda cha Aoshima cha Japani kwa kipimo cha 1/24. Gawa urefu wa gari kwa 24, unapata kama sentimita 20. Inakaa juu ya kabati la TV bila kumsumbua mtu.

Kabla hamjaanza kunicheka, sikilizeni kwanza huyu mtu alivyokuwa anaongea. Nilipomuuliza kuhusu tofauti ya GX na JZX alinijibu papo hapo: "Kaka mkubwa, bodi ni moja, wewe utahangaika na nembo, rimu na vitu vya bampa. Injini usiiwaze, modeli nyingi za hivi boneti haifunguki." Sahihi kabisa! Akaniambia nisinunue rangi kwa kukadiria, nifungue boneti nisome namba ya rangi kwenye kile kibati cha Toyota, nimtumie. Nikatoka usiku na tochi ya simu, nikafuta vumbi kwa kidole, nikapiga picha, nikatuma. Niambieni, tapeli gani anakuuliza namba ya rangi? Sisi matapeli tunaowajua ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huyu alikuwa ananirekebisha mimi. Nilisema nitaunganisha kwa supaglu akaniambia haifai, itaacha ukungu mweupe kwenye vioo, nitumie gundi ya plastiki yenyewe, na chupa moja atanipa bure.

Halafu akanimaliza na Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Nilimwambia nina wasiwasi vipande ni vingi, sijawahi kuunga gari tangu zile ndege za zamani. Akatuma sauti, namnukuu: "Mzee wa Mark II, nyie watu wa Kigoma mnaogopa vipande? Liemba si mliiunga hapo hapo kwenu?" Nikacheka peke yangu barabarani. Maana ni kweli, ile meli Wajerumani waliitengeneza Papenburg mwaka 1913, wakaifungua, wakaileta ndani ya makasha 5,000, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma. Wenyewe wakaizamisha 1916 wakati wa vita, Mwingereza akaiopoa, na 1927 ikarudi ziwani. Mtu anayejua hayo, anaijua Toyota mpaka kibati, utamkataaje?

Nikalipa. Shilingi 185,000, nusu kwanza, nusu nilipoona picha ya risiti ya basi. Risiti ilikuwa halali, mzigo ulikuwepo kweli. Na kwa kuwa alisema yeye yuko Kariakoo, dagaa wa Kigoma anawaona kwenye picha tu, nikamtumia. Ndiyo, nilimtumia dagaa. Wasafi, wa kukausha kwenye chanja, si wale wa mchanga, na chupa ya mawese juu yake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa, na mama watoto hajaacha kulikumbushia mpaka leo.

Sasa siku ya kufungua. Nimetandika gazeti mezani, nimepanga wembe, msasa laini, na kikata kucha kwa ajili ya kukatia vipande kwenye fremu. Watoto wangu na wa jirani wamezunguka meza, jirani mwenyewe kajileta na kikombe chake cha chai, mama watoto kasimama mlangoni kakunja mikono. Nikakata nailoni. Juu kabisa karatasi ya maelekezo, Kijapani, mchoro wa Mark II, nikasema naam. Nikaishika vizuri: fotokopi. Ile yenye mstari mweusi pembeni, ya mashine chafu.

Nikajipa moyo, labda karatasi halisi ililowa.

Chini yake bodi, nyeupe. Nikaigeuza. Milango miwili. Mark II ina milango minne, hata mtoto wa chekechea anajua. Nguzo moja ya paa imevunjika, na katikati ya boneti kuna alama ya dole gumba. Kubwa, mistari yote ya ngozi inasomeka. Mliowahi kuunga mnajua ile gundi inafanyaje kazi: inayeyusha plastiki pande zote mbili ziungane, kwa hiyo ukiigusa kabla haijakauka unaacha kidole chako humo moja kwa moja. Yaani kuna mtu mahali fulani alianza kuunga gari yake, ikamshinda, akaitupa, na mimi nikauziwa jalala lake kwa nusu ya 185,000 mara mbili.

Nikainua bodi. Chini yake fremu, kijani cha jeshi. Plastiki za magari mara nyingi huja nyeupe au kijivu, nyeusi kwa chasisi, sasa kijani cha jeshi cha nini? Fremu ya kwanza magurudumu. Madogo, magumu, yamejipanga mistari. Ya pili magurudumu tena. Mdogo akaanza kuyahesabu kwa sauti, alipofika kumi na sita akaniangalia, "Baba, Mark II yetu ina matairi mangapi?" Ya tatu, vipande vya mnyororo. Hapo yule mkubwa, ambaye anashinda kwenye magemu, akasema taratibu kama anayenipa taarifa ya msiba, "Baba, hiki ni kifaru."

Jirani alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye gazeti langu.

Makasha 5,000 ya Mjerumani yalitoa meli. Boksi langu moja limetoa nusu kifaru na paa lililovunjika.

Vioo hakuna. Gundi aliyoniahidi? Supaglu ya dukani, ile ile aliyonikataza, yenye kuacha ukungu kwenye vioo, bahati nzuri vioo vyenyewe havikuwemo. Stika za kulowesha zimekuwa njano kwa uzee, niliweka moja kwenye sahani ya maji nijaribu, ikasambaratika vipande kabla hata haijaachia karatasi. Kitu kimoja tu kwenye boksi zima kilikuwa sahihi: namba za gari yangu. Alizichapa kwenye karatasi ya kawaida, za njano, herufi zote sawasawa, akazikata na mkasi, moja imeenda upande. Alikaa akafanya hiyo kazi. Mtu ambaye hana modeli, anajua hana modeli, alikaa na mkasi akanikatia namba zangu. Nikikumbuka hapo usingizi unaisha.

Kumpigia, haipokelewi. Ujumbe, tiki mbili za bluu. Baadaye akaandika, "Labda kiwanda kimechanganya kaka, tuma 40,000 ya kubadilishia mzigo." Kiwanda! Kiwanda cha Japani kichanganye, kiweke na fotokopi na supaglu na dole gumba la mtu! Nilipomjibu nilivyomjibu (mama watoto kanizuia kuyaweka hapa) akanibloki. Muda mfupi baadaye naona picha yangu kwenye ukurasa wake, mteja wetu wa Kigoma. Mpaka namba ya gari inaonekana.

Huyu afungwe. Kujipatia fedha kwa udanganyifu, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 302, ni mpaka miaka 7. Miaka 7 kwangu mimi naona ni likizo. Ningekuwa hakimu ningemfungia chumbani na boksi langu hili hili, fremu zake za kifaru na supaglu yake, atoke siku Mark II ya milango minne itakapokamilika mezani, na vioo. Na chakula apewe ugali mkavu, dagaa ameshakula wangu. Nimesharipoti kituoni, na ule ujumbe wa 40,000 nimeupeleka kwenye namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na namba ya simu ya huyo jamaa. Wakitaka ushahidi wa alama za vidole ninao, umeganda kwenye boneti. Kuna mtu kaniambia "mwachie Mungu". Mungu nimemwachia, lakini polisi nao wafanye kazi yao.

Mnaoniuliza mtamjuaje: mimi naona shida iko kwenye pesa na kwenye picha za ndani. Namba ya kulipia ilileta jina la mwanamke, akasema ni mke wake, eti laini yake mwenyewe imejaa kiwango. Na kila nilipoomba picha ya vilivyomo ndani alisema akikata nailoni modeli inapoteza thamani. Hilo la thamani lina ukweli kwa wanaokusanya, ndiyo maana lilipita, lakini mimi nakwenda kuiunga, thamani ya nailoni ya nini? Mlazimishe afungue. Fremu za kweli zina herufi, A, B, C, na kila kipande kina namba pembeni, zifanane na zilizo kwenye karatasi ya maelekezo. Vioo viko fremu yake peke yake. Na mara nyingi mifuko ya plastiki inakuwa haijafunguliwa. Akikataa video, achana naye. Kingine ni kwamba alitaka picha za gari yangu kabla hata hatujaongea bei, pande zote nne, nami nikaenda kuiosha kwanza. Ukishamwonyesha mtu gari yako hivyo amejua pa kukushika. Huenda yako ni Hiace au Pajero, atakwambia anayo.

Na wale wanaosema "185,000 kwa mdoli?" nyamazeni, kila mtu na starehe yake. Kuna watu humu wamefunga spika za zaidi ya hapo kwenye bajaji.

Wenye risiti kama yangu, Kigoma, Kasulu, Tabora, popote, njooni inboksi na skrinshoti zenu, malalamiko yakiwa mengi kituoni wanayabeba kwa uzito mwingine. Msifute mazungumzo hata kama mnaona aibu, mimi nimeshaimaliza aibu yote hapa. Admini, naomba hii ibandikwe juu.

Na wewe kijana wa Gungu, atakutumia picha ya risiti ya basi, nayo itakuwa halali. Ile nusu ya pili usitume. Nipigie kwanza.