Kutafuta ubatizo wa nkambo ku parokia moja ya hapa Lubumbashi: nyota 3 na nusu

Jina la parokia nalifunga, juu yule mama wa ku biro hana roho mubaya. Nilikuwa natafuta ubatizo wa nkambo yangu, baba wa papa, alifika hapa wakati mji unaitwa bado Élisabethville (hii jina ya Lubumbashi ilikuja 1966), akatumika Union Minière, kampuni ya migodi, mupaka ikakuwa Gécamines. Tulibakia paka na ka karta kake ka ubatizo, kamechakaa, lakini namba ya ku kitabu inasomeka. Muendage na namba bandugu, bila namba wanafungua ukurasa moja moja na utarudi mara tatu.

Mama akatafuta, akasema hayuko. Kumbe alimutafuta na jina iliyo ku makaratasi ya kazi! Mobutu alikataza majina ya kizungu 1972, nkambo akaandikwa na jina la kwao tu, sisi wajukuu njo ile tulijua, lakini ku kitabu bapadri walimuandika kilatini, Ioannes. Ioannes njo Jean ku kifaransa. Dakika mbili akaonekana.

Sasa lawama. Alinijazia cheti kipya, jina, tarehe, wazazi, muhuri, franka 5,000, kwaheri papa. Ile cheti inatosha mutu anataka kuoa mwezi ujao, mwenye kutafuta ukoo umemupa mufupa bila nyama. Baba wa ubatizo hakumuandika hata! Na mi nilishaona pembeni ya mustari kuna maandiko madogo madogo ya wino ingine, nikaomba anisomee, akanuna kidogo ("iyo ni kilatini papa"), kisha akaniachia nipige foto, mistari ya bengine akaifunika na karatasi. Hapo namupa heshima.

Pembeni iliandikwa matrimonium contraxit (alifunga ndoa), jina la nkambo mwanamuke, tarehe, na mahali: Jadotville. Yaani Likasi! Nyumbani wote walikuwa wanatuambia ndoa ilifanyika hapa, shangazi hata leo anakataa.

Na ile si bahati, ni sheria ya Kanisa, ukioa ku parokia ingine padri wa kule anatuma habari kwenye ulibatizwa, wanaiandika pembeni. Juu ya ile usiridhike na cheti, omba mustari mzima na pembeni yake. Baba wa ubatizo naye, jina lake njo jina la papa yangu kabisa, miaka yote tukifikiri ni jina la ukoo kumbe ni la rafiki wa nkambo, sasa natafuta huyo rafiki alikuwa nani.

Wakikuambia kitabu kililiwa na muchwa usilie haraka, sheria ya Kanisa ya 1917 ilitaka kila mwisho wa mwaka nakala ya vitabu iende kwa askofu, uliza na kule.

Nusu nyota nimekata juu ya foleni, nilienda siku ya posho (Jumamosi) nikakuta bachumba wamejaa ku benchi na mama mwenye ufunguo wa kabati hayuko. Enda katikati ya juma, asubuhi. Mi Likasi nitaenda mvua ikipunguka, natafuta mashahidi wa ile ndoa.