Makufuli matatu, baiskeli ya pili

Baiskeli yangu ya kwanza iliondoka hapa Tanga, Ngamiani barabara ya 12, mimi nikiwa nasali Ijumaa. Nilikuwa nimeifunga getini kwa kufuli la waya, lile la kufungua kwa tarakimu nne, lenye ganda jeusi la plastiki. Nililinunua shilingi 7,000, na nilivyoona lilivyonenepa nikajua nimepata. Nilipotoka nikalikuta limening'inia peke yake.

Mimi ni fundi umeme, kukata waya ndiyo riziki yangu. Nilipoangalia pale lilipokatwa niliona haya. Unene wote ule ni plastiki. Chuma chenyewe hakizidi penseli, tena ni nyuzi nyembamba zilizosokotwa. Kipande kilichobaki nikakipeleka nyumbani nikakikata kwa koleo langu la kila siku, nyuzi chache chache, na chai niliyomiminiwa bado ilikuwa inafuka nilipomaliza. Ukiwa nalo, lifungie kikapu au kofia ngumu. Baiskeli usilikabidhi.

Ya pili ni mtumba wa Japani, yenye kikapu mbele na kufuli dogo la duara lililofungwa kwenye fremu, linalopitisha chuma katikati ya spoki za nyuma. Nyingi huja hivyo, na funguo mara nyingi hamna, mimi nilibahatika. Hilo ni zuri ukishuka kununua mkate huku jicho liko nje. Zaidi ya hapo halisaidii, kwa sababu linazuia tairi kuzunguka tu. Mwenye guta anaipakia nzima, na watakaomwona watadhani anaipeleka kwa fundi.

Basi nikaenda maduka ya spea karibu na soko la Mgandini kutafuta la chuma lenye umbo la U. Muuzaji akaniwekea mawili mezani.

"Chukua hili kaka, la Ulaya hili, halikatiki."

Nikatoa tupa kwenye mkoba nikamwomba nilikwaruze kidogo, upande usioonekana. Hakufurahi, lakini aliruhusu. La kwanza tupa iliuma, ikaacha mfereji unaong'aa: chuma laini. La pili tupa iliteleza kama inapita juu ya kioo. Hilo limepikwa likawa gumu, na hilo ndilo nililolipia 30,000. Kabla ya kulipa nilichungulia pia tundu la ufunguo. Yale ya tundu la duara siyataki: mwaka 2004 makufuli ya Kryptonite ya Marekani, yenye sifa kubwa, yalionekana yakifunguliwa kwa bomba la kalamu ya Bic, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja. Tundu la aina ile bado naliona kwenye makufuli ya bei rahisi.

Kama kufuli, la U silisemi vibaya. Ila huku utalifungia wapi? Limetengenezwa kwa miji yenye vyuma vya kuegeshea baiskeli. Nguzo zetu za umeme ni miti minene, mnazi ndiyo kabisa, na geti la mteja lina mabati yasiyopitisha kitu. Linaenea kwenye nondo za dirisha, basi, tena uisogeze baiskeli hadi ikwaruze ukuta. Mara tatu niliishia kufunga tairi na fremu tu bila kuishika kwenye kitu, yaani nimerudi kulekule kwenye guta.

Sasa natumia mnyororo: mita moja ya milimita 10, wa kupimiwa hadwea, na kufuli la Solex la milimita 50 nililolichagua pembeni. Beba kufuli dukani ulijaribu kwenye pete za mwisho, maana nyingine hazipiti. Nimeuvisha tyubu kuukuu ili usichubue rangi. Nisikudanganye, mnyororo wa hadwea tupa inauma, na mtu mwenye mkasi mrefu wa nondo atausumbua mpaka ukubali. Grenda yenyewe haina mjadala, inakata yote. Lakini mnyororo unazunguka mnazi mwembamba, nguzo ya kibaraza, hata baiskeli ya mwenzangu tukifunga pamoja.

Namna ya kufunga nayo ina maneno. Naupitisha tairi la nyuma pale lilipo katikati ya fremu, kwa sababu rimu haiwezi kuchomoka humo bila kukatwa. Marehemu Sheldon Brown, fundi wa baiskeli wa Marekani, alilisema hilo zamani. Naubana usilegee, na siuachi ulale chini: ukigusa sakafu, mwizi anaegemeza mkono mmoja wa mkasi ardhini na kuulalia mwingine kwa uzito wote wa mwili.

Kasoro ni uzito. Mzani wa muuza nyanya ulisema kilo mbili na nusu, na kwenye mchanga wa kuelekea Raskazone nazisikia zote. Kasoro ya pili ni hewa ya chumvi. Kufuli lilianza kukwama mwezi wa pili, jirani akanishauri mafuta ya kupikia, yakazoa vumbi likakwama zaidi. Nimelisafisha kwa mafuta ya taa, likakauka, nikasaga risasi ya penseli ya mwanangu nikaipulizia ndani. Linafunguka kwa vidole viwili, na mtoto anadai penseli yake.