Begi la Mgongoni la Kwenda Kilwa Kisiwani na Watoto

Habari zenu wapendwa, karibuni tena, leo niko hapa Lindi mjini. Likizo ya shule imekaribia, na mmeniuliza sana: safari ya siku moja na watoto kwenda Kilwa Kisiwani, ubebe begi gani? Hili mkononi ni la mgongoni, lita 22. Hili jingine ni la bega, la turubai, ambalo kina mama wengi tunalipenda.

La bega naliweka pembeni mapema. Linameza vitu, sawa, lakini uzito wote unalala upande mmoja. Ukiinama kumshika mtoto mnapopanda boti pale Kilwa Masoko, linateleza linakuja mbele. Na pale unahitaji mikono yote miwili.

Sasa hili. Jamani, msilipime likiwa tupu! Dukani kila begi ni jepesi. Angalieni nalipakia: chupa 3 za maji za lita 1.5, hizo peke yake kilo 4.5. Kanga, chakula, kofia, nguo za mtoto za kubadilisha. Haya, navaa. Mnaona lilivyokaa? Limeshika mgongo, halining'inii kiunoni. Chupa nimezipanga upande wa mgongoni kabisa, maana kizito kikikaa mbali na mwili kinakuvuta nyuma, na mabega yanaanza kuuma. Mikanda ni mipana, sponji nikiibonyeza inarudi. Na huu mkanda mdogo wa kifuani wengi hawaufungi kabisa. Ufungeni! Kwangu una thamani kuliko mifuko yote ya nje, kwa sababu unazuia mikanda isiteremke mabegani. Kisiwani mtatembea, kutoka Gereza, ile ngome ya zamani, na Msikiti Mkuu hadi Husuni Kubwa, magofu ya jumba la kale, si hatua mbili, na jua lile mnalijua.

Kasoro ipo. Kitambaa kinazuia matone, ila zipu na mishono inapitisha maji. Boti ikirusha maji, simu na dawa za mtoto viwe ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana.

La lita 35 sikulileta. Litajazwa tu, na atakayelibeba ni mmoja.

Mnaonunua mitumba, mnaweza kupata zuri kuliko hili jipya, kweli kabisa. Ila ligeuzeni ndani kwanza. Lile tabaka la plastiki likiwa linanata au linabanduka, liacheni, joto na unyevu wa pwani yetu vitalimaliza haraka.

Watoto? Wa miaka 7 abebe kibegi chake, kofia na biskuti zake. Maji ya familia msimtwishe.

Mimi nalipitisha hili. Na kama mbebaji ni baba, nendeni naye dukani, alivae likiwa limejaa, mikanda irekebishwe kwa mwili wake yeye.