Njia ya Ziwa Ngosi mwezi Juni: panda hadi ukingoni, ila usishuke majini

Mvua zikikatika mwishoni mwa Mei, vumbi linaanza Uyole jijini Mbeya, na watu wanaamini njia ya Ngosi, ziwa lililo ndani ya kreta (shimo la volkano), nayo imekauka. Haijakauka, na Juni yote haitakauka. Upepo wa kusi hupandisha unyevu kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Milima ya Poroto, unyevu ukakutana na baridi na kuwa ukungu. Ukungu unashika majani, na majani yanadondosha usiku kucha. Kwa hiyo ndani ya msitu kunalowa hata siku ambayo angani hakuna wingu. Kwa kipindi hiki cha kipupwe hukumu yetu ni hii: mpando hadi ukingo wa kreta unastahili safari, ila mteremko wa kwenda majini haustahili hatari yake.

Kufika si tatizo. Magari ya Mbeya–Tukuyu yanakushusha Isongole, na bodaboda inakusogeza hadi unapoanza msitu, kupitia mashamba ya viazi. Barabara hiyo ya mashambani ndiyo sehemu pekee inayokauka kweli. Msitu ni wa hifadhi, chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa hiyo lipia kiingilio na uchukue mwongozaji wa pale pale. Kwenye ukungu vijia vya pembeni hufanana mno na njia yenyewe.

Kupanda huchukua saa moja hadi mbili. Mwezi Juni jiwekee mbili, kwa sababu ya utelezi.

Udongo wa huku ni majivu ya volkano. Usipokanyagwa hunyonya maji na kuyaficha ndani. Ukipitiwa na miguu mingi unashindiliwa, vitundu vyake vinaziba, na maji yanabaki juu kama utando mwembamba. Ndiyo maana pembeni mwa njia ni pakavu kiasi, na katikati panateleza kama sabuni. Mtu anaona hivyo, anahamia pembeni. Wa nyuma yake anafuata, na baada ya wiki chache pembeni napo pamekuwa tope na njia imepanuka maradufu. Tafadhali pita katikati ya tope. Viatu vinafuliwa, lakini miche iliyokanyagwa hairudi haraka.

Mizizi ni hatari kuliko tope, hasa ile iliyochubuka ganda ikabaki nyeupe. Ivuke, usiikanyage. Kama hapana budi, ikingamie kwa katikati ya unyayo, uzito ukiwa wima juu ya mguu. Usiikanyage kwa urefu wake hata siku moja. Ukifika kwenye mianzi, majani yake makavu hufunika mashimo ya tope, tanguliza fimbo. Usijishikilie mwanzi mkavu, maana hukatika ghafla, na usivute maganda yake yenye vinyweleo kwa mkono mtupu, yanawasha. Ukiona siafu wamekata njia, ruka kwa hatua ndefu na usisimame hadi uwapite mbali. Suruali iliyochomekwa kwenye soksi inasaidia sana hapo.

Kuhusu viatu tunasisitiza, kwa sababu ndipo safari nyingi zinapoharibika. Gambuti ni nzuri kwenye tope na mbaya kwenye mteremko: kisigino kinaogelea ndani na vidole vinagonga mbele. Ukizivaa, vaa soksi mbili nene na ukate kucha siku moja kabla. Buti za kupandia milima za mtumba zinafaa zaidi, ila zikague kabla ya kulipa. Bonyeza kwa ukucha wa dole gumba ule ukanda laini ulio kati ya soli na ngozi. Ukibonyea na kurudi, kiatu ni kizima. Ukimeguka kama mkate mkavu, rudisha hata kama ngozi inang'aa, kwani povu la soli limeozea stoo kwa unyevu na miaka, na litaachia katikati ya msitu. Meno ya soli yawe na kina cha milimita nne au zaidi na yaachane, ili tope lidondoke. Beba kamba nyembamba mita mbili; ikiachia soli, utaifunga na kushuka.

Nguo za pamba ziache nyumbani. Zikilowa jasho na ukungu hazikauki, na ukingoni, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, upepo utakutetemesha dakika tano tu baada ya kusimama. Beba sweta kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, koti la mvua, na lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu. Usitegemee ziwa: maji yake yana chumvichumvi na gesi za volkano, si ya kunywa.

Ukifika juu ukakuta kreta imejaa weupe, usigeuze. Vaa sweta, kunywa chai, ngoja nusu saa. Ukungu wa humo huja na kutoka, na ukifunguka hata dakika chache utaona maji ya kijani yamelala zaidi ya mita 200 chini yako, msitu umeyazunguka pande zote. Kwa mandhari peke yake tungempa yeyote ushauri wa kuja.

Mteremko wa kwenda majini ni habari nyingine. Ni ukuta wa kreta, wenye majivu yaliyolowa, na watu hushuka kwa kushikilia mizizi ile ile inayoteleza. Kupanda tena mtu amechoka ndipo mguu unapokosea, na kumtoa majeruhi kule kunahitaji watu wengi na kamba. Subiri Septemba au Oktoba.

Anza kupanda kabla ya saa tatu asubuhi na uondoke ukingoni saa nane mchana ikizidi sana. Chini ya miti giza huingia mapema kuliko barabarani. Wakati wa kushuka kunja magoti, hatua ziwe fupi, na pale penye mwinuko mkali shuka ubavu.

Wenye dhamana ya njia hii wana kazi moja ya kwanza: kulaza magogo mshazari kwenye njia na kuchimba mifereji midogo, maji yatoke pembeni kila baada ya mita chache badala ya kuifuata njia hadi chini. Vibao na vibanda vinaweza kungoja.