PPR nyumba nzima na valvu kila chumba: tathmini yangu kutoka Bunju

Mume wangu alitaka hela ya ujenzi iliyobaki iende kwenye marumaru za sebuleni. Nikamwambia marumaru zisubiri, kwanza mabomba. Bomba likishafunikwa na lipu, kulifuata ni nyundo na tindo.

Tulifunga PPR, yale mabomba ya plastiki ngumu yanayounganishwa kwa moto, nyumba nzima, na naipa alama za juu. Kisima chetu kina chumvi, kama vingi huku pwani, na kwa shangazi yangu, nyumba ya pili kutoka kwetu, mabomba ya chuma yanaanza kwa kumwaga kutu kila asubuhi kabla maji hayajatakata. PPR haipati kutu kabisa. Maji ya moto nayo inayavumilia, mradi ununue PN20, sio PN10 yenye ukuta mwembamba (PN ni daraja la presha ambayo bomba linahimili). Namba imechapwa kwenye bomba lenyewe. Isome mwenyewe ukiwa bado dukani.

Ila unene huo una hasara ambayo mafundi wengi hawaisemi. Bomba la milimita 20 la PN20 lina ukuta wa milimita 3.4, kwa hiyo tundu linabaki milimita 13.2 tu. Fundi akilitandika hilohilo kutoka tangini mpaka bafuni, shawa yako itakojoa. Kwetu laini kuu ya kutoka kwenye simtanki ni 32, matawi ni 25, na 20 tumeiacha kwenye kipande cha mwisho cha kufikia koki.

Kazi yenyewe hasa ni kuchomelea. Mashine inapashwa hadi nyuzi 260, bomba la 20 linakaa sekunde 5, la 25 sekunde 7, kisha linasukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Likipitiliza moto, plastiki inavimba kwa ndani na kubana tundu, na kwa nje huoni chochote. Fundi wetu, kijana mpole asiyetaka kusemeshwa akishika mashine, alikuwa akihesabu sekunde kwa midomo. Nilimpenda hapohapo! Kabla ya lipu aliziba ncha zote, akafunga pampu ya mkono, akapandisha presha hadi baa 10, tukaenda kulala. Asubuhi mshale wa geji ulikuwa palepale. Fundi anayekwepa kipimo hiki mpe nauli aende zake.

Nilichokipigania zaidi ni valvu ya peke yake kwa kila bafu na jiko, mahali ambapo mkono unafika. Mume wangu aliona ni anasa. Boya la choo cha wageni lilipoharibika tulifunga bafu hilo tu, na jikoni ubwabwa ukaendelea kuchemka. Siku hizi wageni anawaonyesha yeye.

Laini zetu ni mbili pia: maji ya kisima yanakwenda vyooni na bustanini, ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, jikoni na kwenye hita, kila moja na tangi lake. Chumvi inakula koili ya hita. Halafu kuna ule mgao wa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua na Dar ikahangaika na ndoo. Usingependa maji matamu machache uliyonayo yaishie kusukuma choo.

Pampu ya presha siisifii sana. Kila mita moja ya kimo kutoka kwenye maji ya tangini hadi shawa inakupa kama baa 0.1 tu, kwa hiyo mnara wa kawaida wa tangi hautoshi kwa zile shawa pana za siku hizi, na pampu inahitajika. Umeme ukikatika inakuwa pambo. Weka njia ya pembeni yenye valvu ya kuzuia maji kurudi, ili yashuke yenyewe, japo taratibu.

Kasoro za PPR zipo. Jua linaiharibu, kwa hiyo kipande cha kwenye mnara lazima kifunikwe. Fitingi zenye shaba ndani, zile za kufungia koki, ndizo zinazomaliza bajeti. Na fitingi ikishachomelewa haifunguki, inakatwa.

La mwisho ni la bure: piga picha kila ukuta kabla ya lipu, futikamba ikiwa imenyooshwa pembeni ya bomba. Seremala wa makabati ya jikoni aliziomba kwanza ndipo akawasha drili.