TAHADHARI: Huyu dada wa vifurushi vya Istanbul, msimpe hata shilingi

Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe mpangilio. Mliokuwa mnanipigia tangu Ramadhani na mimi sipokei, sababu ndiyo hii. Sikuwa Dodoma kikazi. Nilikuwa kwa mama mdogo Mbagala, nimejifunika mtandio mpaka puani, natoka nje usiku tu kama kuna lazima.

Jina lake siandiki, mwanasheria kanikataza mpaka jalada likae sawa. Lakini mtamjua. Mswahili mwenzetu, lafudhi ya Tanga kabisa, anaishi Istanbul, Uturuki, miaka mingi, anapeleka watu wa huku kufanyiwa upasuaji wa urembo kule, anatupia picha za pua, meno na taya, kabla na baada, na chini yake dua. Kila vidio anaanza na salamu kwa "wapenzi wangu wa Bongo". Kurasa ameshabadilisha jina tangu nianze kumdai, ila sauti ni ileile, na zile kucha za rangi ya maziwa ni zilezile.

Kwa nini nilitaka kupunguzwa taya, sitaki maswali. Mnaonijua tangu sekondari mnalijua jina nililokuwa naitwa, na la kwenye kicheni pati ya wifi mlikuwepo. Tusirudie.

Na kabla hamjaanza na "ungeuliza kwanza", niliuliza. Shoga yake wifi alitengeneza pua kupitia kwa huyuhuyu, na pua ile nimeishika kwa mkono wangu, imetulia. Nikaomba kuongea na daktari, nikaunganishwa kwa vidio. Mzee wa mvi, koti jeupe, nyuma yake fuvu la plastiki mezani. Alichukua picha yangu akaichora mbele yangu kwa kalamu: kona ya taya kulia, kona ya taya kushoto, kidevu kikatwe kisogezwe nyuma kidogo. Kila kitu kingefanyiwa ndani ya mdomo, nje kusiwe na kovu. Nikamuuliza kuhusu mshipa wa fahamu, maana nilikuwa nimesoma: ndani ya mfupa wa taya la chini, kila upande, unapita mshipa unaochomoza karibu na kidevu, na ndio unaokupa hisia za mdomo wa chini. Yule mzee akaongea dakika nzima, anaonyesha kwenye fuvu kwa kidole. Dada akatafsiri: "Anasema usijali, mpenzi."

Dakika nzima ya Kituruki imezaa maneno matatu. Lakini mtu mwenye mvi amekuonyesha fuvu, anakuita kwa jina lako, na pembeni kuna Mtanga mwenzako anakuapia kwa Mungu wake, wewe ungefanya nini? Tena alikuwa ananipigia alfajiri kuniuliza kama nimeswali.

Kifurushi kilikuwa euro 6,000, karibu shilingi milioni 18 za kwetu: upasuaji, hoteli, gari la kutoka uwanja wa ndege, mkalimani. Advansi ya euro 1,000 niliituma kwa simu kutoka hapahapa Dar, kwenye namba ya hapahapa, likatokea jina la mwanaume. "Huyo shemeji yako," akasema. Iliyobaki nilimkabidhi taslimu nilipofika.

Sasa asubuhi ya upasuaji. Hii ndiyo ninayoirudia usiku nikiwa nimekaa kwenye mito, maana kulala chali mpaka leo sijisikii salama.

Limekuja gari jeusi aina ya Vito kunichukua hotelini. Nimefunga tangu usiku, hata maji sijagusa, ndivyo nilivyoagizwa. Dada yuko kiti cha nyuma na abaya yake, udi umejaa gari zima. Tunakaribia geti la hospitali, dereva akasimama pembeni, mbele ya duka la mikate ya ufuta, ile wanaita simit. Harufu ya mkate inaingia dirishani, tumbo linasokota. Dada akanishika mkono: "Mdogo wangu, kuna kitu kidogo."

Kitu kidogo chenyewe ni kwamba vyuma vya titani havimo kwenye kifurushi. Mfupa ukikatwa unashikizwa kwa vibati vidogo vya titani na skrubu, hilo nililijua. Nikamwambia mbona uliniambia bei ni ya kila kitu? Akasema kila kitu ni kila kitu cha daktari, vyuma vinatoka kampuni nyingine. Euro 1,500, taslimu, sasa hivi, kwa sababu chumba cha upasuaji kimeshakodiwa kwa saa, na nikiahirisha, hela yote imekwenda.

Fikirieni. Nina njaa, nina baridi, lugha siijui, ndugu hawajui nilipo, euro 6,000 ameshazishika yeye, na geti naliona. Nikafungua pochi ya ndani. Zilikuwemo hela zangu za matumizi na zile dola ambazo mama alinipa, akijua naenda Dodoma, nikipitia kwa mtu wa kubadilisha nimbadilishie. Nikazihesabia mapajani, mikono inatetemeka. Noti ya euro 50 ikaanguka chini ya kiti. Yeye akainama, akaiokota, akaipuliza vumbi, akaiweka kwenye fungu lake, kisha akasema "Bismillah" na kufunga mkoba. Risiti? "Mimi na wewe tuna risiti gani, mdogo wangu."

Ndani mambo yakaenda mbio. Gauni, dripu mkononi, karatasi nyingi za Kituruki kitupu, weka saini hapa na hapa na hapa, "ya bima hiyo". Akaingia kijana mmoja wa barakoa, akanigeuza kidevu kulia na kushoto, akanichora shavuni kwa wino wa zambarau. Namuuliza dada, yule mzee yuko wapi? "Huyu anashika kisu, mzee anasimamia." Nikataka kuinuka, naapa nilitaka kuinuka, ndipo nusu kaputi ikaingia mshipani na nikaishia hapo.

Ile vidio mliyoiona, mimi nina bandeji imezunguka kichwa, nimenyoosha dole gumba, na chini ameandika "mteja wangu mwenye furaha"? Nilirekodiwa dawa bado ziko kichwani. Mimi hata siikumbuki. Na kuna walionifuata inboksi kuuliza kwa sababu ya vidio hiyo, na simu yangu muda huo alikuwa nayo yeye. Aliyejibu "nenda shoga, hutajuta" ni yeye. Narudia: NI YEYE.

Kupona kwenyewe sirefushi. Siku ya pili na ya tatu ndiyo uvimbe unafika kileleni, hata wanaofanyiwa vizuri hupitia hayo. Mimi kichwa kilikuwa fenesi. Chakula ni cha kunywa, nasukumia supu mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nasukutua maji ya chumvi kila baada ya kula. Mkalimani wa kwenye kifurushi alipotea siku niliyotoka hospitali. Nikapandishwa ndege bado natema damu kwenye tishu, na yule mama niliyekaa naye, Mungu amlipe, ndiye aliyekuwa ananifungulia maji.

Nilipofika Dar ndipo nikagundua mdomo wa chini, upande wa kulia, haupo. Yaani upo, lakini haujui kitu. Nakunywa chai, chai inateremka kidevuni mpaka kwenye kanga, mimi sina habari, mpaka mama mdogo ananipangusa. Herufi za midomo hazitoki. Nilimpigia mama, najaribu kusema "shikamoo mama", ananiuliza, "Unakula nini na wewe unaongea na mtu mzima?" Nikakata simu nikalia, na kulia kwenyewe kunauma.

Kisha ikaja harufu. Nasukutua, hainitoki. Fizi ya kulia nyuma ikafura, ikapasuka, ikaanza kutoa usaha. Nikamtumia dada picha. Akajibu kwa voisi, sauti ya upole kabisa: hiyo ni husda, kuna mtu kakutupia jicho, soma Falaq na Nas, uvute subira. Usaha, jamani. Usaha wa mfupa ananiambia jicho. Nilipotaja neno polisi, akanibloku.

Daktari wa upasuaji wa kinywa na taya aliyenipokea hapa Dar ndiye mtu wa kwanza kunieleza kwa Kiswahili ninachokielewa. Kanipiga CT-Scan, akanigeuzia taya langu kwenye kompyuta. Kulia nimekatwa zaidi ya kushoto, hata mtoto anaona. Skrubu moja imeingia kwenye njia ya ule mshipa niliouliza mimi, kwa mdomo wangu, nikajibiwa usijali. Akaniuliza kama Istanbul walinipiga CT-Scan ya namna hiyo kabla ya kukata, maana ndiyo inayoonyesha mshipa umepita wapi. Nilipigwa ile eksirei bapa ya meno tu. Amesafisha usaha, ametoa kibati na skrubu zake. Kasema ganzi hutokea hata mikononi mwa madaktari wazuri, na kwa wengi hurudi taratibu kwa miezi, mwaka, hata zaidi, na kwa wengine hairudi. Yangu hajaniahidi. Nashukuru kwa kutoniahidi, ahadi nimezichoka.

Mwanafunzi mmoja wa kwetu anayesoma kule akakubali kwenda hospitali ile kuniulizia. Mafaili walimpa kwa shida, kwa barua yangu. Vyuma vilikuwemo kwenye bei tangu mwanzo. Na yule mzee wa mvi hawamjui. Hajawahi kufanya kazi pale.

Soma tena hapo. Mzee wa mvi hayupo. Fuvu, kalamu, kuniita jina langu, vyote ni maigizo, na wapo wanaoigiziwa hivyo wiki hii.

Huyu mwanamke afungwe. Sitaki kusikia "mwachie Mungu". Mungu nimeshamwambia, sasa naiambia serikali. Mnasema fedha amepokelea Uturuki, sawa, ile advansi ilipokelewa kwenye laini ya Tanzania iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Huyo "shemeji" aanze kukamatwa yeye, ataeleza vizuri. Laini ifungwe, akaunti ifungwe, na nyumba anayojenga, ambayo kaionyesha mwenyewe stetasi, ipigwe mnada tulipwe.

Korea Kusini mwaka 2016 kijana anaitwa Kwon Dae-hee aliingia kliniki ya Seoul kupunguzwa taya, upasuaji uleule. Akavuja damu, daktari mkuu akatoka kwenda kwa wagonjwa wengine, kijana akaachiwa wasaidizi. Alikufa wiki kadhaa baadaye bila kuamka. Mama yake aliipata picha ya kamera ya chumba cha upasuaji akaitazama yote, tena na tena, akaandama mpaka yule daktari akahukumiwa kifungo mwaka 2021, na mwaka huohuo bunge lao likapitisha sheria ya kamera vyumba vya upasuaji, ikaanza kutumika Septemba 2023. Mama mmoja! Sisi tuliopigwa na huyu dada tuko wangapi, na kila mmoja kajifungia ndani na mtandio wake kwa aibu? Anaitegemea aibu hiyo. Ndiyo mtaji wake.

Mnaoniuliza dalili, nitasema hizi zinazonijia. Namba ya malipo ina jina lisilo lake. Bei inaongezeka ukiwa umeshafunga kula. Karatasi za lugha usiyoijua zinaletwa ukiwa umeshatundikiwa dripu. Halafu hili sikulijua: tangu 2017 Uturuki, hospitali na wakala wa wagonjwa wa nje wanatakiwa wawe na kibali cha utalii wa tiba kutoka Wizara ya Afya yao. Mwambieni awaonyeshe chake muone atakavyowaletea aya. Kuna na jambo la jina la daktari, uliandikiwe kabla ya kupanda ndege na ulihakiki hospitalini wewe mwenyewe, siyo kupitia kwake. Mengine nikikumbuka nitaongeza, kichwa kinaniuma.

Wale wawili mnaosafiri naye mwezi ujao, nimewaona kwa rafiki aliyenipigia skrinishoti, mmoja ni wa Tandika na mwingine kasema ni nesi. Kama mmetuma advansi, iacheni ipotee, msiifuate Istanbul. Namba yangu ni ileile, pigeni saa yoyote. Na wote mliowahi kumlipa huyu mtu, wa pua, wa meno, wa tumbo, nikishapata miamala ya watu wengine mwanasheria anasema kesi inakuwa nzito. Kila ujumbe wa simu wenye jina la yule shemeji, ulete. Hata kama ulitoka salama, ulete. Pole nimepata za kutosha, nataka miamala.